Kigoma tukimpa msanii wetu chumba cha makumbusho, kwenye kabati la kioo tutaweka nini?

Mzawa wa Gungu

Wana Kigoma na majirani zetu, salaam.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja imerushwa video ya mtu anatembezwa ndani ya makumbusho ya Dolly Parton, kule Tennessee, Marekani. Kwa wadogo zangu wasiomjua: ni mwimbaji wa muziki wa kantri, mama wa mwaka 1946. Ule wimbo wa Whitney Houston ambao ma-MC wa harusi hawauchoki, "I Will Always Love You", mtunzi wake ni huyu mama, na aliutoa mwenyewe mwaka 1974, miaka 18 kabla ya Whitney. Makumbusho yako ndani ya bustani yake ya burudani, Dollywood, na yalifunguliwa kwa sura mpya mwaka 2024. Kuna jengo la maisha na kazi yake, kuna la mavazi, kuna la familia.

Kundi zima likaishia kwenye mavazi. Nani kashona, mawigi mangapi, kisigino kile anatembeaje. Sawa, yanapendeza. Ila kwao yule mama hapendwi kwa ajili ya kisigino, na hilo ndilo nimelileta huku kwa watu wenye subira ya kusoma.

Kazaliwa milimani, wilaya inaitwa Sevier, wa nne kati ya watoto 12, akakulia nyumba ya vyumba viwili. Daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa mfuko wa unga wa mahindi kwa sababu hela haikuwepo. Baba yake alikuwa mkulima, mtu mwenye hesabu zake zote kichwani, lakini kusoma na kuandika hakujua hadi anafariki. Mshikeni huyo baba, tutarudi kwake.

Mwaka 1995 binti yake, tayari tajiri, akaanzisha mpango palepale wilayani kwao: kila mtoto, tangu anapozaliwa hadi anatimiza miaka mitano, anatumiwa kitabu kimoja kila mwezi kwa posta, bure, na juu kina jina lake mwenyewe mtoto. Huulizwi kama kwenu mna shida au mna nafuu. Unaandikishwa, unaletewa. Mpango unaitwa Imagination Library. Mwaka 2004 serikali ya jimbo la Tennessee ikaingia, baadaye ukafika wilaya zote 95 za jimbo. Ukavuka hadi Canada, Uingereza, Australia na Ireland. Februari 2018 kitabu cha milioni 100 alikipeleka kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Amesema mara nyingi kwamba wazo lilitoka kwa baba yake, na kwamba mzee alijivunia zaidi kusikia watoto wanamwita binti yake bibi wa vitabu kuliko umaarufu wote ule.

Kabla ya vitabu kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi nalipenda zaidi kwa ujanja wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa darasa la saba na la nane wilayani waliahidiwa dola 500 kila mmoja wakimaliza sekondari. Lakini ni wawili wawili: unachagua mwenzako, na hela inatoka mkimaliza wote. Hapo mwenzio akitoroka shule unamfuata hadi kwao. Kwa takwimu za taasisi yake, waliokuwa wakiacha shule walikuwa 35 katika kila 100. Kwa madarasa yale wakashuka hadi 6.

Sasa Kigoma. Pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone tuna sanamu mbili kubwa, Livingstone na Stanley wanavuliana kofia, wanasalimiana tangu 1871. Sina ugomvi nao, wageni wanakuja kwa ajili yao. Lakini mkoa huu umetoa waimbaji kiasi cha kutambia mikoa mingine. Mwaka 2012 walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars, wakaja kutumbuiza Uwanja wa Lake Tanganyika. Tuseme mmoja wao, au mwingine ambaye sasa hivi yuko chekechea Mwandiga, atakuja kuwa mtu wa namna hii kwa watu wa kwao, na mkoa ukaamua kumpa chumba. Kwenye kabati la kioo tunaweka nini?

Koti, miwani na kipaza sauti ni rahisi. Kutoa ndiko kugumu kuonyesha, maana kilichotolewa hakipo makumbusho, kipo kwa aliyepewa. Kitabu cha mtoto kipo kwa mtoto, kimechanika, kimechorwa kalamu kila ukurasa. Mimi nasema cha kwanza kuingia kabatini kiwe daftari: nani alipewa, lini, kwa utaratibu gani. Koti lisubiri nje kwanza.

Karibuni.

---

Mgebuka Mkavu

Siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Ila daftari likiingia kabatini kuna watu mjini hapa watahama mji.

---

Mtaka Risiti

Mleta uzi umeandika vizuri lakini kuna mahali umepita kimyakimya. Hayo makumbusho yapo ndani ya bustani ya kulipia kiingilio, na bustani ni biashara yake na wabia wake tangu 1986. Mtu anajenga makumbusho yake ndani ya uzio wake, anakatisha tiketi, halafu sisi huku tunaita heshima? Mtu huheshimiwa na wengine. Akijiheshimu mwenyewe kwa tiketi hilo ni tangazo la biashara, zuri lakini ni tangazo.

Na wewe unataka tuige hilo kwa wasanii wa kwetu, ambao hata bila kuigishwa wanajua sana kujitangaza.

---

Mzawa wa Gungu

Mtaka Risiti, biashara ipo, sijaificha. Pale palikuwa na bustani ndogo tangu 1961 ikibadilishwa majina, yeye akaingia ubia ikapewa jina lake. Angeweza kuweka fedha zake Nashville au California. Kaweka kwao, vijana wa milimani wakapata ajira. Na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mfanyakazi anayetaka kusoma atalipiwa ada yote, hata yule wa msimu.

Halafu ndani ya bustani hiyo hiyo kuna kitu kinanigusa kuliko hayo majengo ya 2024. Ni nakala ya ile nyumba ya vyumba viwili. Kaka yake ndiye aliyeijenga, na mama yao mwenyewe ndiye aliyepanga vitu ndani. Umelipa tiketi, ndiyo, lakini unasimama mlangoni unajiuliza watoto 12 walilalaje humu. Hapo hujauziwa kitu.

---

Binti wa Mwanga

Kuhusu kuheshimiwa na wengine, ipo pia. Mjini Sevierville, mbele ya jengo la mahakama ya wilaya, ipo sanamu yake tangu 1987: kaketi juu ya jiwe, gitaa mkononi, miguu peku. Amewahi kusimulia kwamba baba yake, huyo huyo asiyejua kusoma, alikuwa anakwenda usiku na ndoo ya maji ya sabuni kusugua kinyesi cha njiwa kwenye sanamu ya mwanawe.

Na mwaka 2021 wabunge wa jimbo walipotaka kumwekea nyingine kwenye viwanja vya bunge lao, aliwaomba waiondoe hoja, kwamba kwa mambo yanayoendelea duniani haoni kama ni wakati wa yeye kuinuliwa juu namna hiyo.

Nionyesheni wa kwetu aliyekataa hata bango la barabarani, nimpikie mgebuka wa mawese mimi mwenyewe.

---

Kazeh

Salaam kutoka Tabora, enyi watu wa mwisho wa reli. Treni ikifika kwenu imeshachoka na mawazo pia yamechoka. Mnagombania chumba cha msanii aliyeko chekechea, wakati huku tulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, mji mmoja, na kijana wa leo ukimuuliza jina la mpiga gitaa mmoja tu anakutazama kama unamdai.

Sisi nasi tuna tembe la Kwihara, alikaa Stanley, alikaa Livingstone. Kwa hiyo ugonjwa wetu ni mmoja, watani. Mgeni akilala miezi kadhaa anapata makumbusho. Mwenyeji akipiga muziki maisha yake yote anapata dakika moja ya kusimama kimya, na hata hiyo dakika simu ya mtu lazima iite.

Ila kwenye daftari nakupinga, Mzawa. Walete watoto wa shule kwenye chumba cha madaftari uone kama hawajalala. Watu wanaingia kwa sauti. Weka gitaa, weka muziki unasikika tangu barabarani, mtu aingie anacheza bega. Akishaingia ndani ndipo umuonyeshe huyu mpiga gitaa alisomesha nani. Hata huyo mama yenu wa Tennessee asingekuwa na sauti hiyo posta ya vitabu ingelipwa na nini?

---

Mgebuka Mkavu

Kazeh, treni ikifika kwetu imechoka kwa sababu imebeba Wanyamwezi kutoka kwenu. Tuendelee.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Habari zenu kaka zangu na dada zangu. Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nipo kliniki ya mama na mtoto, kituo sitakitaja. Kazi yetu mnaijua: mtoto anavishwa ile kaptula ya kitambaa, anatundikwa kwenye mizani, analia, tunasoma uzito, tunaweka nukta kwenye kadi. Mama anakuja kila mwezi. Chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14 anakuja bila kukumbushwa. Surua miezi 9, anakuja. Miezi 18, wengi wanakuja.

Baada ya hapo wanapotea. Mama anaona chanjo zimekwisha, kwa nini apange foleni asubuhi nzima mtoto apimwe uzito tu? Ana shamba, ana dagaa wa kuanika. Tunamwona tena Juni na Desemba kwenye vitamini A na dawa ya minyoo, au mtoto akiugua. Na ndio umri ambao mtoto akianza kudumaa hakuna anayemwona, kwa sababu hajaja kwenye mizani.

Sasa rudini kwenye alichoandika mleta uzi. Kitabu kimoja kila mwezi, tangu kuzaliwa hadi miaka mitano. Mimi niliposoma hapo nilitoa kadi ya mwanangu nikaitazama upya. Mistari ya kadi ya kliniki inakwenda hadi mwezi wa 60. Kitabu kila mwezi kwa miaka mitano ni vitabu 60. Yule mama wa milimani na Wizara yetu ya Afya wanatumia kalenda moja na hawajuani.

Kwa hiyo mambo ya posta achaneni nayo. Kitabu kigawiwe palepale kwenye mizani. Mama asiyeona sababu ya kurudi mwezi wa 19 anaipata sababu, na mtoto mwenyewe akishazoea atamvuta mama yake kanga. Kuandikisha hakuna kazi mpya, kadi tayari ina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na kijiji. Sisi tunaongeza mhuri mdogo pembeni ya nukta ya uzito.

Na mkiniuliza mimi cha kuweka kwenye kabati, wekeni kadi moja ya namna hiyo. Iliyokunjwa mara nne, ina doa la mawese, ina mihuri 60. Hiyo nitavaa nguo nzuri niende kuiangalia. Koti la msanii nimeshaliona kwenye simu.

---

Posta Mstaafu

Dada Nesi kaniwahi, lakini niongeze ya upande wangu kwa kuwa kazi ile nimeifanya.

Mpango wa Marekani umesimama juu ya kitu kimoja ambacho wao hata hawakioni: mtu wa posta anapita mlango kwa mlango. Sisi barua inaishia kwenye sanduku, na sanduku ni la ofisi, la shule, la parokia, la msikiti au la mtu mwenye shughuli zake mjini. Mama wa Kalinzi hana sanduku. Kweli tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba ukutani, lakini namba ukutani na mtu wa kuifikia kila mwezi ni mambo mawili. Ukienda kusini huko Buhingu na Kalya unazungumzia boti.

Ila chanjo inafika huko. Inapanda boti ndani ya kisanduku cha baridi, inafika. Chanjo ikicheleweshwa njiani inaharibika, na bado inafika. Kitabu hakiharibiki kwa jua la siku mbili. Palipo na chanjo pana njia ya kitabu, namuunga mkono dada kwa asilimia zote.

---

Mjukuu wa Manyema

Mimi nataka kurudi kwenye heshima, maana tumekimbilia vitabu.

Mwaka 2020 wakati wa korona, Diamond Platnumz, ambaye Kigoma tunamhesabu wetu hata kama kakulia Tandale, alitangaza kulipia kodi ya nyumba ya miezi mitatu kwa familia 500. Nilimpongeza na bado nampongeza. Kumbukeni mtandaoni tulizungumza nini baadaye: nani kampiku nani, nani hajatoa, msanii fulani naye atajibuje. Hakuna aliyeuliza familia 500 zinachaguliwaje, mwenye nyumba analipwa moja kwa moja au anapewa mpangaji. Sisi wenyewe watazamaji hatupendi utaratibu, tunapenda mashindano.

Sasa tazama Tennessee. Novemba 2016 moto wa milimani uliunguza Gatlinburg na maeneo jirani, watu 14 wakafariki. Dolly akaanzisha mfuko kwa ajili ya watu wa wilaya yake: kila familia iliyopoteza nyumba iliyokuwa ikiishi, dola 1,000 kwa mwezi, miezi sita. Familia kama 900. Kigezo kilikuwa kimoja tu, nyumba yako imeungua. Mwezi wa mwisho wanakwenda kuchukua 1,000 yao, wakakuta ni 5,000.

Hela taslimu, mtu mzima anajua mwenyewe aanze na bati au ada ya mtoto. Huku kwetu miaka ile maji ya ziwa yamepanda yanasogelea nyumba za watu, niliona msaada umekuja na bango refu kuliko gunia. Aliyepokea alisimama juani hadi mpiga picha apate upande mzuri. Picha hiyo ikija kuwekwa kwenye makumbusho, mjukuu wa yule bibi akaikuta ukutani, atajisikiaje?

Kwa hiyo sharti langu la chumba chenu: ukutani apigwe picha aliyetoa, apigwe hata akilala. Aliyepokea abaki na jina lake kwenye daftari ambalo halifunuliwi.

---

Mtaka Risiti

Nakazia ya Mjukuu. Na ili nisionekane mpingaji wa kila kitu, nimekwenda kuangalia hela ya vitabu inatoka wapi, kwa sababu watu humu mmeshaanza kuamini mama mmoja anawalipia watoto wote wa dunia.

Halipi yeye vyote. Kila eneo lina mshirika wake, chama cha watu wa hapo, maktaba, kanisa, ofisi ya serikali, na huyo mshirika ndiye anayechangisha na kulipia vitabu na gharama ya kuvituma. Upande wake yeye, taasisi inabeba mashine nzima: kuchagua vitabu, kupatana bei na wachapaji kwa idadi kubwa, orodha ya watoto, ofisi na wafanyakazi. Yaani katoa kitu ambacho mtu wa kawaida hawezi kujitengenezea, kile anachokiweza kawaachia wakifanye. Hapo nimemvulia kofia kama Stanley.

Tuhesabu ya kwetu. Kata yenye watoto 500 chini ya miaka mitano inahitaji vitabu 6,000 kwa mwaka. Tuchukulie tu kwamba ukichapa kwa wingi kitabu chembamba kinakugharimu shilingi 2,000. Ni milioni 12 kwa mwaka, kata moja. Wanaojua malipo ya onyesho moja la msanii mkubwa wanisaidie kulinganisha, mimi nanyamaza.

Lakini usianze na watoto wote. Anza na wanaozaliwa kuanzia Januari, kituo kimoja. Wakiwa 100, mwaka wa kwanza huhitaji hata vitabu 1,200, maana wa Desemba atakuwa amepata kimoja tu. Gharama inakua pamoja na watoto. Ukishindwa mwaka wa tatu, unajua umeshindwa kwa watoto gani, kwa majina.

---

Mwalimu wa Awali

Vitabu vya Kiswahili vya umri huo vipo, msidhani ni jangwa. Children's Book Project, mradi wa vitabu vya watoto wa hapa hapa Tanzania, upo tangu 1991 na umetoa hadithi nyingi nzuri. Shida ni kwamba vingi ni vya mtoto anayeanza kusoma. Vya mtoto wa miezi sita ni vichache, na mtoto wa miezi sita hasomi kitabu, anakila. Kwa hiyo kurasa ziwe ngumu, picha kubwa, maneno machache: ng'ombe, mtumbwi, chikichi, bibi.

Na jamani, vijijini mtoto anasikia Kiha nyumbani, Kiswahili anakutana nacho kwangu. Kitabu chenye picha mama anakisimulia kwa lugha yoyote aliyonayo, hata kama mwenyewe hakusoma. Hapo naona baba wa Dolly angefaidi.

Ninapokea watoto wa miaka mitano ambao siku ya kwanza wanashika kitabu kichwa chini miguu juu. Aliyewahi kushikishwa namjua kabla hajafungua mdomo, anaanza kwa kutafuta picha.

---

Kijana wa Kasulu

Kwa wanaosema mwenye kutoa huwekwa wapi. Jimbo lile lile la Tennessee, mji wa Memphis, kuna hospitali ya watoto ya St. Jude. Mwanzilishi wake alikuwa mchekeshaji, Danny Thomas. Kijana hana hela, akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Yuda Tadei kwamba akifanikiwa atamjengea kumbukumbu. Akafanikiwa, hospitali ikafunguliwa 1962. Familia ya mtoto anayetibiwa pale haipewi bili, matibabu, malazi, chakula, hakuna.

Alifariki 1991 na kaburi lake lipo palepale kwenye viwanja vya hospitali, pamoja na jengo la kumbukumbu lenye kuba la rangi ya dhahabu. Kwa hiyo anayekwenda kumwona msanii anapishana na watoto wanaotibiwa. Mimi nalipenda hilo kuliko chumba cha Ujiji. Chumba chenu mkiweke kwenye kituo cha afya, ukuta mmoja tu, karibu na mizani ya dada Nesi. Kina mama wana saa tatu za kukaa pale wakitazama bango la malaria.

---

Kazeh

Na gitaa?

---

Kijana wa Kasulu

Spika ndogo kwenye foleni, mzee wangu. Tabora Jazz kuanzia saa mbili asubuhi.

---

Kazeh

Hapo mmenipata. Nachangia spika.

---

Mzawa wa Gungu

Wakuu, nimesoma yote. Kadi ya Nesi naiweka mbele ya daftari langu bila ubishi, kwa sababu daftari analishika mtoaji na kadi anaishika mama. Ya Mjukuu kuhusu picha nimeikubali kama ilivyo. Ukuta wa Kasulu nao unanivutia, ingawa Ujiji sijaiacha: mtalii anayekuja kwa Livingstone ana hela ya tiketi, na tiketi ile inaweza kununua vitabu.

Kwa hiyo nauliza kivitendo. Kituo kimoja, watoto wa kuanzia Januari, vitabu vya Mwalimu, hesabu za Mtaka Risiti. Msanii tutamtafuta, najua ndugu wa wawili watatu na wote wako Gungu. Tunaanzia mlango gani?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kabla ya msanii anza na barua. Kamati ya kituo, halafu Mganga Mkuu wa halmashauri, maana hakuna kitu kinachogawiwa kwenye kliniki bila yeye kujua, hata pipi. Niandikie pembeni nikueleze inavyoandikwa, na usitaje mambo ya makumbusho, watadhani ni siasa. Taja mahudhurio ya mizani baada ya miezi 18. Hapo watakusikiliza.

Na mhuri usiwe na sura ya mtu. Tarehe tu na namba ya kitabu.

---

Mtaka Risiti

Mhuri bila sura? Dada, hapo ndipo mtakapomkosa msanii.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Basi sura yake tuiweke kwenye kitabu cha 60. Akiitaka, na asubiri miaka mitano kama watoto.